Sura ya Nne: Makasha Yote Yamo

Chumba namba sita kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, ndoano moja ya nguo, na dirisha lililokaribiana na ukuta wa jirani kiasi kwamba mgeni angeweza kuupaka rangi bila kutoka kitandani. Juu ya kitanda palikuwa na mkoba mwekundu. Mwenye mkoba hakuwepo.

Inspekta Kobe alisimama mlangoni dakika tano nzima kabla ya kuingia. Jina hilo alipewa na wenzake kituoni, na wala si kwa ubaya. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, mzito wa hatua, na inasimuliwa kuwa aliwahi kumfuata mwizi kwa miguu siku mbili bila kukimbia hata mara moja, mpaka mwizi mwenyewe akachoka, akakaa juu ya jiwe na kumwomba maji.

"Umegusa nini humu?" alimwuliza mama wa mapokezi aliyekuwa nyuma yake. Wageni wote wa gesti ile walimwita Mama Funguo, kwa sababu ya rundo lililoning'inia kiunoni mwake kama kengele za ng'ombe.

"Kitasa tu, afande. Na kifua changu, kwa hofu."

"Mlango ulifungwa na nani?"

"Mimi. Saa tatu asubuhi nilipita nikaona ufunguo unaning'inia nje. Nikafunga, nikaupeleka mezani. Nilijua mwenyewe ataudai."

"Akaudai?"

"Mpaka saa hizi, hapana."

Sasa ilikuwa saa kumi na moja jioni. Hadithi yenyewe ilikuwa fupi, na mji mzima ulikuwa umeshaimaliza kwa niaba ya polisi. Bendi ya watu tisa ilikuwa imewasili saa mbili asubuhi kwa basi lake, basi lililozeeka hata mbwa wakiliona hawabweki, wanasimama pembeni kwa heshima. Kila mwanamuziki aliingia chumbani kwake, akalala. Saa kumi walitakiwa ukumbini kujaribu vyombo. Wakafika wanane. Wa tisa, mwimbaji wao, yule ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye kila nguzo ya umeme, hakufika. Waliomzoea walimwita Chiriku. Mwenye ukumbi alikwenda kumgongea mwenyewe, akafunguliwa mlango na Mama Funguo, akakuta mkoba, na ndani ya mkoba simu na viatu. Akapiga polisi.

Na polisi, kabla Kobe hajafika, walikuwa wamemkamata mpiga gitaa.

Yeye walimwita Nyuzi. Yeye ndiye aliyeonekana amebeba mkoba mwekundu. Yeye ndiye aliyegombana na Chiriku siku iliyotangulia. Habari ilipofika sokoni, Nyuzi alikuwa amemnyonga dada wa watu kwa waya wa gitaa. Iliporudi kutoka sokoni, nyaya zilikuwa kumi na mbili, ilhali gitaa lenyewe lilikuwa na sita. Nje ya gesti watu walianza kukusanyika, na Sajini wa zamu alitaka mtuhumiwa apakiwe kwenye gari la mahabusu la saa kumi na mbili, liende naye mkoani, gereza kubwa. Mtu akishapanda gari lile, karatasi zake hutembea polepole kuliko Kobe.

Inspekta alikuwa ameshaongea na Nyuzi huko mahabusu. Kijana mwembamba, vidole vigumu kama kucha za kuku, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Ulibeba mkoba wake?"

"Nilibeba. Huwa nabeba mimi."

"Mmegombana, na bado unambebea?"

"Kugombana ni kugombana, mama. Mkoba haukunikosea."

"Ukauweka wapi?"

"Kitandani kwake. Nikatoka haraka."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Bafuni, nadhani. Anaoga."

"Ulisikia maji?"

Nyuzi alifikiri. "Sikusikiliza. Tulikuwa hatusemezani."

Sasa Kobe aliingia chumba namba sita na kukizunguka kwa mwendo wake. Shuka lilikuwa limenyooka isipokuwa pale mkoba ulipokaa. Taulo lilikunjwa pembe nne. Alifungua mlango wa bafu, akainama, akaipapasa sakafu kwa kiganja. Kavu. Kwenye sinki palikuwa na kipande cha sabuni ndani ya karatasi yake, hakijachanwa.

"Mama Funguo, hiyo sabuni mmeiweka lini?"

"Alfajiri, kabla hawajafika. Na taulo pia."

"Mtu anasafiri ndani ya basi tangu usiku, anafika chumbani, hanawi hata uso?"

"Labda aliuawa kabla ya kunawa," alisema Mama Funguo, kisha akajiziba mdomo.

"Labda," alijibu Kobe, akaandika kwenye daftari.

Shahidi mkuu alikuwa mpuliza tarumbeta, mtu mnene mwenye kifua cha pipa, ambaye wenzake walimwita Mapafu. Alikaa kwenye kiti cha plastiki mapokezi, tarumbeta ndani ya kasha lake, kasha juu ya magoti, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa.

"Nimeshamwambia Sajini," alisema. "Lakini nitarudia, maana dada yule ni kama dada yangu wa tumbo moja."

"Rudia polepole. Mimi ni mzito."

"Nilitoka chumbani kutafuta maji ya moto ya kusukutua. Midomo ya mpuliza tarumbeta, afande, ni kama magoti ya mcheza mpira, usipoitunza umekwisha. Basi, nikawa nashuka ngazi. Wao wanapanda. Dada yuko mbele, Nyuzi nyuma na mkoba mwekundu. Dada anapiga kelele: 'Niache! Usinifuate!' Nikajibana ukutani wakapita. Wakakunja kushoto. Ndiyo mara ya mwisho kumwona."

"Uliona kwa macho yako."

"Kwa haya mawili. Ningekuwa na la tatu nalo lingeona."

"Kule juu walikunja kushoto."

"Kushoto. Kuna dirisha lenye kioo kilichopasuka. Naapa."

Kobe aliandika yote, neno kwa neno, akafunga daftari. "Nionyeshe."

Mapafu alinyanyuka na kasha lake. Alikata korido kwa hatua za mtu anayejua aendako, akapita namba nne, akapita namba tano, akafika mwisho, akafungua mlango.

Ndani kulikuwa na ndoo mbili, fagio, na feni iliyovunjika shingo.

Akaufunga. Akaufungua tena, kana kwamba ndoo zingeona aibu ziondoke.

"Ngazi zilikuwa hapa," alisema.

"Ndugu yangu," alisema Mama Funguo, "hii nyumba haina ghorofa. Tangu ijengwe, kitu pekee kilichowahi kupanda humu ni mchwa."

Sajini, aliyekuwa amewafuata, alimshika Mapafu bega. "Kumbe unatudanganya! Unamlinda nani?"

"Mwache," alisema Kobe. "Mwongo angeangalia kwanza kama ngazi zipo. Huyu kazikumbuka." Akamgeukia mpuliza tarumbeta, na sauti yake ikashuka. "Mko safarini siku ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Vyumba vingapi?"

"Ishirini na... ishirini na sita. Au saba. Afande, sijui. Usiku nikiamka kwenda kujisaidia nafuata njia ya gesti ya juzi, najikuta nimesimama ndani ya kabati. Asubuhi natafuta swichi ya taa ukutani, naipapasa mahali ilipokuwa kwenye mji mwingine. Vyumba vyote vimekuwa chumba kimoja." Alikaa chini pale pale koridoni, mgongo ukutani. "Ngazi zenye dirisha lililopasuka..."

"Zilikuwa wapi?"

Midomo yake ilicheza bila sauti, akihesabu kurudi nyuma. "Leo ni siku gani?"

"Alhamisi."

"Basi ni jana," alisema Mapafu. "Mungu wangu. Ni jana, mji tuliotoka. Nimemfunga Nyuzi kwa ngazi za jana."

Kobe alikuwa ameshaanza safari ya kurudi mapokezi.

Aliwakusanya wote: mpiga ngoma, mpiga kinanda, mpiga besi, wapulizaji wenzake Mapafu. Kila mmoja alikuja na kasha lake, akalilaza miguuni. Msimamizi wa bendi, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisimama kando akitazama saa. Mwenye ukumbi alisimama karibu naye, akitazama saa ya mwenzake.

"Swali langu ni moja," alisema Kobe. "Nani amemwona Chiriku leo, kwa macho yake, ndani ya mji huu? Msinijibu haraka."

Wakajibu haraka.

"Mimi!" alisema mpiga ngoma. "Tumekunywa chai naye asubuhi, hapo, pembeni yangu. Aliniomba sukari."

"Chai?" Mama Funguo alishangaa. "Jiko langu limekufa tangu Jumatatu. Leo sijachemsha hata maji."

Mpiga ngoma alitazama viganja vyake.

"Mimi nilimsikia akiimba bafuni," alisema mpiga besi.

"Bafu la chumba namba sita ni kavu. Wimbo gani?"

"Ule wa... Ilikuwa juzi. Tulikuwa tumepakana vyumba juzi."

Kobe alisubiri wa tatu. Hakutokea. Watu hawa walikuwa wamezoea kuanza pamoja na kukoma pamoja, na sasa walikoma. Kila mmoja alikuwa anapekua kichwani mwake korido baada ya korido, akimtafuta mwanamke mmoja, na kila alipompata ilikuwa mahali pengine.

"Haiwezekani," alisema Msimamizi. "Hamwelewi. Mimi huwa nahesabu. Miaka kumi na tisa sijaacha mtu njiani. Basi haliondoki mpaka nihesabu."

"Unahesabu nini?"

"Makasha."

"Nieleze."

"Miaka ya nyuma tuliibiwa saksafoni kwenye basi, mwenyewe kashuka dakika mbili kununua maji. Tangu siku ile nikaweka sheria: chombo hakibaki bila mwenyewe. Ukishuka, hata chooni, unashuka nacho. Ukipanda, unakipakata. Kwa hiyo mimi napita na tochi, sina haja ya kuamsha watu kwa kuwamulika usoni. Namulika magotini. Makasha manane, nasema 'makasha yote yamo,' dereva anaondoka. Kasha likiwepo, mtu yupo. Haijawahi kukosea."

"Makasha manane," alisema Kobe. "Na nyinyi ni tisa. Chiriku anapakata nini?"



"Yeye..." Msimamizi alivua miwani. "Yeye hana chombo. Ana koo."

"Anakaa kiti gani?"

"Cha nyuma kabisa. Pamoja na nguo za jukwaani. Hujifunika blanketi, analala. Nilimulika. Niliona blanketi limevimba."

"Limevimba kwa mtu au kwa nguo?"

Mzee aliifuta miwani kwa pindo la shati.

"Mara ya mwisho basi kusimama ilikuwa wapi?"

Dereva ndiye aliyejibu, kutoka mlangoni, kofia mkononi. Walikuwa wamejaza mafuta saa kumi na mbili kasoro robo alfajiri, giza bado, kituo cha mafuta cha peke yake barabarani, hakuna nyumba upande wowote. Wengine walishuka chooni na vyombo vyao. Kisha wakaondoka. Risiti alikuwa nayo, imekunjwa kwenye mfuko wa shati, na juu yake ilichapwa namba ya simu ya kituo.

Kobe aliibonyeza namba ile tarakimu moja moja. Simu ililia mara saba. Ikapokewa na sauti ya mwanamke.

"Mama, habari za kazi. Mimi ni Inspekta, napiga kutoka polisi. Hapo kwako..."

"Mmechelewa," ilisema sauti.

Msimamizi alishika ukingo wa meza.

"Tumechelewaje, mama? Yuko hai?"

"Hai yu hai. Amekaa hapa juu ya kreti tangu alfajiri, na sweta langu mabegani. Nilikuwa najiuliza tu, huyu mtu kwao hawana macho?"

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Kobe alisimama mbele ya gari la mahabusu, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kukimbia, dereva wa gari alikuwa na muda wa kutosha kumwona na kuzima injini. Nyuzi alikuwa ameshapandishwa, pingu mikononi, kati ya wezi wawili wa betri.

"Mshusheni."

"Afande, karatasi zimeshapigwa muhuri," alilalamika Sajini.

"Basi pigeni muhuri nyingine. Aliyekufa anakunywa maji kituo cha mafuta."

Nyuzi hakusema asante wala hakulaani mtu. Aliuliza swali moja: kama angeweza kwenda naye kumchukua. Kobe alimfungulia mlango wa nyuma wa gari lake, akamwekea na mkoba mwekundu pembeni.

Ilikuwa mwendo wa saa moja, ambao basi lile kuukuu liliukata kwa mbili. Barabara ilipinda na kushuka katikati ya milima mitupu, na vidole vya kushoto vya mpiga gitaa vilibonyeza goti kana kwamba goti lina nyaya. Jua lilipokuwa linaondoka, kituo kilitokea mbele: pampu mbili, taa moja, kibanda cha mabati. Mbele ya kibanda walikaa wanawake wawili, kila mmoja juu ya kreti yake, wakitazama barabara.

Mmoja alikuwa na uso wa kwenye nguzo za umeme, ila mdogo zaidi, na miguuni alivaa ndala. Mwingine alivaa sare ya kituo, mtu mzima, mikono imeingia harufu ya mafuta kwa miaka. Kobe alizisogelea kreti peke yake. Nyuzi alibaki garini.

"Dada yangu, pole."

"Waligundua saa ngapi?" aliuliza Chiriku.

Kobe alikuwa amehoji watu miaka ishirini na tisa. Alijua swali ambalo mwulizaji anaomba adanganywe, na lile ambalo haombi.

"Saa kumi ya jioni."

"Nani?"

"Mwenye ukumbi."

Chiriku aliitikia kwa kichwa.

"Mbona hukupanda gari lolote?" Kobe aliuliza. "Hata kupiga simu?"

"Mabasi matatu nimemsimamishia," alidakia mama wa sare. "La tatu kondakta alimtambua kwa picha, akampa kiti cha mbele. Kagoma!"

"Nilisema watarudi," alisema Chiriku. "Nikipanda, warudi wasinikute. Namba zao zote zimo kwenye simu, simu imo mkobani, mkoba umo kwenye basi. Kichwani nina namba moja tu, ya mama yangu. Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nimesahaulika kama mwavuli?" Alivuta sweta mabegani. "Ilipofika saa sita mchana, nilikuwa siwangoji tena. Nilitaka kujua tu itachukua muda gani."

Mlango wa gari ulifunguka. Nyuzi alikuja na mkoba, akasimama hatua tatu kutoka kwenye kreti, asijue auweke wapi.

"Nilidhani unaoga," alisema.

Chiriku alimtazama viganja, kisha vifundo vya mikono. "Hiyo michubuko ni ya nini?"

"Pingu."

"Umefanya nini?"

"Nimekuua wewe. Ndivyo walivyosema."

"Na wewe ukajitetea vipi?"

"Nikawaambia tulikuwa hatusemezani."

Chiriku alicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha mtu aliyefunzwa kupumua, na kikaendelea kidogo kuliko kilivyostahili, mpaka mama wa sare akamwekea mkono mgongoni.

"Ukumbi umejaa," alisema Nyuzi kwa sauti ya chini. "Watu mia nne. Wanakungoja."

"Wangoje," alisema Chiriku, akijifuta uso kwa mkono wa sweta. "Haiui."

Kobe alilaza fomu juu ya boneti ya gari. Jalada la mtu aliyepotea halifungwi mpaka aliyepatikana asaini mwenyewe; ndiyo taratibu, na Kobe hakuwa mtu wa kuruka taratibu. Chiriku alisoma kwa mwanga wa taa ya kituo, kidole kikifuata mistari.

"'Aliyetoa taarifa: mwenye ukumbi. Uhusiano na aliyepotea: hakuna.'"

"Siwezi kuandika kingine," alisema Kobe.

"Usiandike kingine. Ni kweli." Kidole kiliteremka mpaka mstari uliofuata, ule wa aliyempata, ambapo Kobe alikuwa ameanza kuandika cheo chake. "Hapa ndipo ulipokosea. Si wewe uliyenipata."

Inspekta alikata alichoandika, akamgeukia mama wa sare. "Mama, zamu yako inaisha saa ngapi?"

"Iliisha saa nane."

"Mbona uko hapa?"

"Sasa ningemwachaje mtu peke yake hapa? Angalia mwenyewe." Alionyesha barabara, kulia na kushoto. Hapakuwa na cha kuangalia.

"Nakuandika wewe. Na uhusiano?"

"Uhusiano gani, afande? Simjui mimi, hata nyimbo zake sizijui. Tumekaa tu."

Nafasi kwenye fomu ilikuwa ndogo, imeachwa kwa maneno kama mama, kaka, mume. Kobe alifikiria kwa mwendo wake, kisha akainama juu ya boneti, akaandika kwa herufi za kubana: *Walikaa pamoja.*

Chiriku alisoma mara mbili, akachukua kalamu, akasaini.